Gitaa Rahisi na Gitaa Nafuu: Uhakiki wa Yamaha Pacifica 112V

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya dukani: rahisi na nafuu. Kitu rahisi bei yake ni ndogo, basi. Wahenga walishatuonya kwamba rahisi huvunja upishi. Nafuu ni neno jingine kabisa, hilo linakaa kitandani kwa mgonjwa. Tunasema amepata nafuu pale homa inapoanza kushuka. Kwa hiyo kitu cha bei nafuu hakitoshi kuwa na bei ndogo. Lazima kimwondolee mtu mzigo fulani.

Najua wapo watakaouliza: hapa tunahakiki vitabu, gitaa la umeme limeingiaje? Limeingia kwa mlango uleule. Mhakiki huuliza kazi imekusudia nini, halafu huangalia kama imefika. Gitaa la bei ya chini limekusudia jambo moja kubwa, nalo ni kumfanya mtu asiyejua kupiga arudi kulishika tena kesho. Yamaha Pacifica 112V nitalipima kwa kipimo hicho.

Tuanze na hela. Mwaka 1954, Fender walipotoa Stratocaster kule California, lile lenye mkono wa tremolo liliuzwa dola 249.50. Ukizihesabu kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 2,500. Pacifica 112V linafuata umbo na mpango huohuo, na madukani Marekani ni kati ya dola 300 na 400. Kwa pesa ya Tanzania hapo unazungumzia laki nane hadi milioni moja, bado usafiri na ushuru. Si pesa ya kuokota. Lakini angalia umbali tuliotoka: kilichokuwa chombo cha mwanamuziki wa kulipwa sasa kinauzwa kwa sehemu ndogo tu ya gharama ile. Mashine zinazokata mbao kwa kompyuta zimefanya kazi yake, na ujira wa viwanda vya Asia nao umefanya yake. Gitaa hili hutengenezwa Indonesia.

Sasa fani yake. Mwili ni wa mti uitwao alder, shingo ni ya maple na imefungwa kwenye mwili kwa skrubu. Ina freti 22. Vinasa sauti ni vitatu: viwili vya koili moja moja, kimoja karibu na shingo na kimoja katikati, halafu kimoja cha koili mbili karibu na daraja. Kuna swichi ya nafasi tano ya kuvichagua. Ukivuta juu kitufe cha toni, kile cha koili mbili kinageuka kuwa cha koili moja. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mapambo ya tangazo. Siyo, nitaeleza.

Kabla ya sauti kuna jambo ambalo wasifiaji wa magitaa hulipita haraka, ilhali ndilo linaloamua kila kitu. Nimemwona kijana mmoja wa jirani akiacha gitaa baada ya miezi minne. Alikuwa na chombo kisicho na jina la maana, kilichonunuliwa kwa huruma ya mjomba. Akikityuni, nyuzi zikiwa wazi, kila kitu kiko sawa. Akipanda freti ya 12, sauti inapotoka juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Si sana, ila inatosha kufanya kila wimbo usikike kama unaumwa. Yeye akaamua kwamba hana sikio. Kumbe sikio lilikuwa zima kabisa! Ndilo lililokuwa likimwambia kuna kitu hakiko sawa, ila alilishuku sikio badala ya chombo.

Hapo ndipo gitaa rahisi linapokuwa ghali. Linamdanganya mwanafunzi. Mpigaji aliyekomaa akishika chombo kibovu anajua kosa ni la nani. Anayeanza hajui, na kwa kuwa hajui anajilaumu mwenyewe. Kwa hiyo kwangu swali la kwanza kwa gitaa la bei ya chini ni hili: noti ikitoka vibaya, naweza kuamini kwamba kosa ni la kidole changu?

Kwa Pacifica 112V jibu ni ndiyo, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Freti zimepangwa sawasawa, na ncha zake hazikukwaruzi ukiteleza mkono. Kwenye daraja kila uzi umekaa juu ya kipande chake cha chuma, kinachosogezwa mbele au nyuma kwa bisibisi mpaka freti ya 12 ikubaliane na uzi ulio wazi. Ndani ya shingo kuna chuma kinachokazwa au kulegezwa hali ya hewa ikiipinda mbao. Haya yote fundi mwenye akili anayafanya kwa nusu saa, na ukimtazama mara mbili utayafanya mwenyewe. Magitaa mengi ya bei ya chini yana skrubu hizohizo. Tofauti ni kwamba hapa ukizizungusha, gitaa linatii.

Sauti nitaipima kwa muziki wetu, maana gitaa halina sauti nzuri ya jumla. Lina sauti nzuri kwa kazi fulani. Sikiliza dansi ya Dar es Salaam au benga ya Kenya. Gitaa la solo linakaa juu kabisa, karibu na mwisho wa shingo, linapiga noti fupi, kavu, zilizo safi, na gitaa la ridhimu linalijibu chini yake. Hakuna ukungu wa mikwaruzo wa kuficha noti iliyopinda. Muziki wa roki unaweza kusamehe gitaa lililopotoka kidogo huko juu. Dansi haisamehi.

Kwa kazi hiyo, vile vinasa viwili vya koili moja vinatosha kabisa. Cha katikati kinatoa mlio mwepesi unaopenya katikati ya tarumbeta na sauti za waimbaji, na cha shingoni kina unene mzuri kwa ridhimu. Cha koili mbili ni kizito mno kwa solo ya dansi, na ndiyo maana kile kitufe cha kuvuta kina maana: unakipunguza uzito, unapata mlio mkali wa karibu na daraja. Haulingani na wa gitaa la dola elfu mbili, una wembamba fulani ukiongeza sauti sana. Ila uko wazi, na unasikia kila noti uliyoipiga, nzuri na mbaya.

Kasoro zipo. Tremolo yake ni ya mtindo wa zamani. Ukiukandamiza ule mkono kwa nguvu mara kwa mara, nyuzi zitahama. Ushauri wangu ni uache mkono huo ndani ya mfuko, dansi haiuhitaji. Vinasa vya koili moja vinavuma, kama vilivyo vya aina hiyo kwenye gitaa lolote, na katika nyumba ambayo ethi haikufungwa vizuri mvumo huo utakukera. Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye bei: amplifaya, waya, nyuzi za akiba, fundi. Anayekuambia kwamba umemaliza ukilipa gitaa anakuuzia nusu ya habari.

Sasa niseme kwa nini nimelitetea hivi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, tunayoiita Sikinde, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Katika bendi za namna hiyo vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akihama, alihama na vidole vyake tu. Ugomvi na uongozi ulimaanisha kubaki mikono mitupu, kwa maana halisi ya maneno hayo. Gitaa ambalo mwalimu, dereva au muuza duka anaweza kulinunua kwa kudunduliza mwaka mzima linabadilisha uhusiano huo. Anaweza kufanya mazoezi usiku bila hata kuliunganisha na umeme, jirani asisikie. Hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini tusijidanganye. Mpango ule wa zamani ulimpa mpigaji mshahara, na ulimpa kitu ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukiuza: mpigaji wa pili. Dansi ni mazungumzo. Solo bila ridhimu ni mtu anayejibu maswali ambayo hayakuulizwa. Vijana wengi leo wana chombo chumbani na video za mafunzo kwenye simu, ila hawana wa kujibizana naye. Mwenye gitaa amepata nafuu, bendi bado iko hoi. Kosa hilo siwezi kulibandika kwenye Pacifica, ila anayenunua alijue mapema.

Hukumu yangu basi. Kama unaanza, au ulianza ukakata tamaa ukidhani huna sikio, 112V linastahili hela yake, hata la mtumba. Kama unajua kupiga na unatafuta sauti ya kurekodia albamu, subiri, dunduliza zaidi. Na dukani, liwe hili au lingine lolote, usiliangalie rangi. Lityuni kwanza. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, usikilize ule mlio, kisha ubonyeze hapohapo na upige tena. Milio miwili ikikubaliana, endelea kuzungumza bei. Ikigombana, mwambie muuzaji alirekebishe mbele yako. Akishindwa, mshukuru, uondoke na hela yako.