Sauti ya Nani? Mgawanyiko wa Wanyika na Uhakiki wa Mashabiki katika Nchi ya Majani Chai

Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za dansi za Kiswahili una mazoea ya kuyatoa maneno katika wimbo, kuyapanga katika beti, na kisha kuyachambua kana kwamba ni shairi lililoandikwa. Mazoea hayo yanaeleweka. Maneno ndiyo yanayochapishika, na idara za fasihi zimezoea matini inayoshikika mkononi. Hata hivyo, hadhira ya nyimbo hizo haisikilizi hivyo. Mashabiki wanapobishana juu ya bendi iliyovunjika, nani alikuwa fundi kuliko mwenzake, nani aliondoka na roho ya bendi na nani alibaki na jina tu, hoja zao hutaja gitaa lililoanzisha, besi iliyojibu na sauti iliyopanda, mara nyingi kabla ya kutaja mshororo hata mmoja.

Makala haya yanachunguza mabishano ya aina hiyo kwa kurejelea mgawanyiko wa Simba Wanyika wa mwaka 1978, yakiutazama kutoka Kericho na Bomet. Eneo hilo linafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mashamba makubwa ya chai yaliyofunguliwa kuanzia miaka ya 1920 yamewakutanisha kambini Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, Kiswahili kikiwa lugha yao ya kuelewana. Kwa wengi wa wasikilizaji hao, wimbo wa Kiswahili ni wimbo wa lugha ya pili. Pili, eneo hilo lina ushahidi uliohifadhiwa wa jinsi msikilizaji anavyoweza kumuumba upya msanii. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mashabiki wana haki ya kukataa kuyachukua maneno kuwa ndiyo wimbo wote, lakini wanapotea wanapomtafuta mwenye wimbo mmoja.

Mgawanyiko wenyewe

Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walianza muziki Tanga katika miaka ya 1960, wakapitia Arusha, na kuingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jijini Nairobi bendi yao ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika, na ikajenga mtindo mwepesi, usio na makeke, ambao magitaa yake husikika moja moja bila kufunikana. Mnamo Novemba 1978 kundi la wanamuziki waliokuwa nyuma ya ndugu hao lilijitenga. Miongoni mwao walikuwa Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, mpigaji wa gitaa la ridhimu, na Tom Malanga wa besi. Hao ndio walioanzisha Les Wanyika. Walijiunga nao John Ngereza, mpigaji wa gitaa la solo na mwimbaji, na Issa Juma, mwimbaji. Baada ya miezi ya mazoezi walitoa "Sina Makosa", wimbo uliovuma Afrika Mashariki nzima. Mapema katika miaka ya 1980 Issa Juma naye alikuwa ameondoka na kuunda Super Wanyika, iliyotoa "Sigalame".

Jina Wanyika, basi, lilizaa matawi, na kila tawi likadai kuwa ni shina. Simba Wanyika yenyewe iliendelea kurekodi hadi miaka ya 1990.

Hoja za mashabiki

Mabishano juu ya matawi hayo huelekea pande tatu. Upande wa kwanza huwatetea waasisi. Hoja yake ni ya asili: pasipo akina Kinyonga pasingekuwa na Wanyika wa aina yoyote, na aliyeondoka aliondoka na alichofundishwa. Upande wa pili huwatetea waliojitenga. Hoja yake ni ya kazi: mtindo uliopendwa ulikuwa mikononi mwa waliopiga, na walipoondoka mtindo uliwafuata. Upande wa tatu huitetea sauti. Kwake, wimbo ni wa aliyeuimba. Issa Juma alipohama, mashabiki hawa walihama naye.

Ni rahisi kuyapuuza malumbano haya kuwa ni ushabiki mtupu. Lakini kila upande una nadharia yake ya utunzi, ijapokuwa hautumii istilahi za darasani. Upande wa kwanza unaiona kazi ya sanaa kuwa zao la mwasisi na nia yake. Upande wa pili unaiona kuwa zao la ufundi na ushirika. Upande wa tatu unaiona kuwa utendaji, jambo linalokuwapo pale tu linapotendwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi watazitambua hoja hizo mara moja.

Aidha, mashabiki wa upande wa pili wanaibua suala ambalo nadharia ya fasihi imelipita haraka. Mwaka 1967 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, na tangu hapo imekuwa kawaida kusema kwamba aliyetunga si muhimu. Kauli hiyo haimdhuru sana yule ambaye jina lake limekwisha kuchapishwa kwenye jalada. Kwa mpigaji wa ridhimu mambo ni tofauti. Msikilizaji wa kawaida hukumbuka mwimbaji na jina la bendi. Aliyeshikilia wimbo kwa kurudia mapigo yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho hakumbukwi. Mtu hawezi kutangazwa kufa kabla ya kutambuliwa kuwa aliishi. Shabiki anayesisitiza kwamba siri ya Les Wanyika ni mkono wa Omar Shabani anadai haki ya kazi ambayo haikutajwa.

Dai hilo lina uzito wa pekee katika nchi ya majani chai. Mchumaji hujaza kapu lake, akalipeleka kwenye mizani, na kilo zake zikaandikwa kwa jina lake. Baada ya hapo majani yake humwagwa pamoja na ya wenzake, na kiwandani hakuna awezaye kuyatenga tena. Mizani ni haki ya mchumaji, lakini haielezi ladha ya chai. Mabishano ya mashabiki yanajaribu kufanya yote mawili kwa wakati mmoja: kupima kapu la kila mwanamuziki, na kueleza ladha ya kilichokwisha kuchanganywa. La kwanza ni halali. La pili haliwezekani kwa njia hiyo.

Msanii asiyeonekana

Uwezo wa msikilizaji kumuumba msanii una mfano mashuhuri katika eneo hilihili. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho. Miongoni mwazo zilikuwamo nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Ukipsigis na jina lake kutamkwa kwa ulimi wa huko. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana walioimba mojawapo ya nyimbo hizo walimwona Chemirocha kuwa nusu mtu, nusu paa, na walimwalika aje kucheza.

Mfano huu umezoeleka kusimuliwa kama kichekesho cha watu wasioijua gramafoni. Ufasiri huo ni finyu. Wasichana wale walikutana na sauti isiyo na mwili, katika lugha isiyo yao, nao wakaitafutia mwili kutoka katika hazina ya fasihi yao. Hawakuyategemea maneno, kwa kuwa maneno hayakuwafungulia kitu. Walisikiliza sauti na uzi, wakajenga mhusika.

Shabiki wa Wanyika katika kambi za chai yuko karibu na wasichana hao kuliko anavyodhani. Bendi ilikuwa Nairobi. Kambini ilifika kwa redio na santuri. Maneno anayaelewa, lakini "Profesa" anayemtetea, mwenye vidole visivyochoka, ni mhusika aliyejengwa kwa kusikiliza. Kipaji kinachobishaniwa ni kile kilichofika masikioni, na kilichofika kilikuwa kimekwisha kuchanganyika na vipaji vya wengine.

"Sina Makosa" na suala la umiliki

Wimbo wenyewe unatoa mwanga. Mnenaji wa "Sina Makosa" anamjibu mwanamume mwenzake mwenye hasira. Wanagombana juu ya mwanamke, naye anamkumbusha mgomvi wake kwamba mwanamke huyo si mali ya yeyote kati yao, na kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Chuki, basi, ni ya nini?

Msomaji wa maneno peke yake ataishia kwenye dhamira ya mapenzi na wivu. Lakini utetezi wa mnenaji una ufa. Anayejitangaza kuwa hana makosa ndiye huyo huyo anayekiri kwamba ana mwenziwe nyumbani. Hoja inayomtoa katika kosa moja inamtia katika jingine. Kejeli hii haikazwi na maneno. Inabebwa na muziki. Ridhimu na besi zinapokezana kama watu wawili wanaojibizana kwa utulivu, hakuna inayopandisha sauti, hakuna inayoshinda. Ugomvi uliomo katika maneno unatatuliwa, au angalau unavumiliwa, katika magitaa.

Kanuni hiyo si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika ushairi wa kujibizana, ambao Muyaka bin Haji wa Mombasa ni miongoni mwa mabingwa wake, shairi la upande mmoja halijakamilika hadi lijibiwe, na maana hukaa baina ya washairi wawili. Omar Shabani bila Tom Malanga ni swali lisilo jibu. Issa Juma bila wote wawili ni mlalamikaji asiye na mahakama.

Upo pia uwezekano wa kuusoma wimbo huu kama kivuli cha mgawanyiko uliouzaa. Bendi iliyojitenga inavuma kwa wimbo wa mtu anayekana kosa, na ambao kinachogombaniwa humo si cha yeyote kati ya wagombanao. Si lazima idaiwe kwamba watunzi walikusudia hivyo. Yatosha kwamba wimbo, ulipofika masikioni mwa hadhira iliyojua habari za mgawanyiko, uliwapa mashabiki jibu la mabishano yao kabla hawajayaanza.

Hitimisho

Mabishano juu ya Wanyika yanaifundisha taaluma mambo mawili. La kwanza ni kwamba wimbo uliopigwa chapa kwa maneno yake tu ni matini iliyokatwa. Uhakiki wake hauna budi kuanza masikioni. La pili ni kwamba kuhoji kazi ya kila mshiriki ni wajibu wa haki, hasa kwa waliofanya kazi nyuma ya majina makubwa. Kazi hiyo ni ya dharura: Wilson na George Kinyonga, Issa Juma, Omar Shabani na Ngereza wote wamefariki, na pamoja nao umetoweka ushahidi ambao haukuulizwa. Majina yaandikwe kwenye mizani, kila mtu na kapu lake. Ladha, hata hivyo, itaendelea kuwa ya chai iliyochanganywa, na mhakiki hatimaye atalazimika kuionja ilivyo.