Mchoro Hauna Uzito

Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa huku kwetu Arusha, na kambi ya wakamata wanyama katika hadithi yake iko Momella, karibu na Mlima Meru. Haikutokana na katuni yoyote. Hata hivyo, ndiyo mizani bora niijuayo ya kupimia filamu za watu halisi zinazotokana na manga na anime, yaani katuni za Kijapani za kurasani na za skrini, kwa sababu ya kitu kimoja kilichomo humo: kifaru. Waigizaji wenyewe waliwafukuza wanyama wa porini, John Wayne akiwa amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, na kifaru anapoligonga gari lile, chuma kinatikisika, vumbi linamfunika dereva, na mtazamaji anashika alichokalia bila kujijua. Hakuna kalamu inayoweza kutoa mshtuko wa namna hiyo. Kalamu ina uwezo wake mwingine, mkubwa pia, lakini uzito haina.

Hapo ndipo mjadala wa filamu hizi unapopaswa kuanzia, na mara nyingi hauanzii hapo. Watu hubishana kama mwigizaji amefanana na mhusika, kama nywele zina rangi ile ile, kama koti limeshonwa sawasawa. Katika ukurasa wa manga, mtu anaweza kuruka juu ya paa, jicho lake likajaa nusu ya uso, tone la jasho likawa kubwa kuliko sikio, na msomaji asione ajabu, kwa kuwa mtu, paa, jicho na jasho vyote ni wino ule ule. Muweke mtu mmoja wa nyama na mifupa katikati ya vitu hivyo, na papo hapo kila kilichomzunguka kinapimwa kwa mwili wake. Wigi la buluu linakuwa wigi. Kuruka kunakuwa kamba. Kwa hiyo swali la kwanza si kama amefanana. Swali ni hili: mstari ule kwenye karatasi ulikuwa ukifanya kazi gani, na filamu imemkabidhi nani kazi hiyo?

Tuchukue Cowboy Bebop. Anime yake ya mwaka 1998 ina vipindi 26, kila kimoja kama dakika 24. Netflix walipoitengeneza upya na watu halisi mwaka 2021, kwa sura walijitahidi sana: suti ya Spike, mhusika mkuu, ipo, utangulizi umeigizwa karibu picha kwa picha, na mtunzi wa muziki ni Yoko Kanno yule yule. Ilifutwa kabla mwezi haujaisha tangu itoke. Kufutwa peke yake si hukumu ya sanaa, kwani kampuni hufuta vitu vizuri pia. Lakini ukitazama utaona pengo liko wapi. Katika anime, Spike aliyeegemea dirisha akivuta sigara ni picha iliyotulia, mistari michache, na utulivu ule ndio unaobeba huzuni yote ya maisha yake ya nyuma. Waandishi wa toleo jipya, wakiwa na vipindi virefu zaidi vya kujaza, waliieleza huzuni hiyo kwa mdomo, wakampanua adui yake Vicious na kumpa ukoo na hasira nyingi. Mavazi yalihama salama. Kazi ya ukimya haikupewa mtu.

Sasa linganisha na Rurouni Kenshin, filamu ya Kijapani ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Keishi Otomo. Katika manga ya Nobuhiro Watsuki, kasi ya Kenshin huonyeshwa kwa njia ambayo kila msomaji wa katuni anaijua: mistari mingi sambamba, na upanga ambao umekwisha kupita kabla jicho halijauona. Filamu haina mistari hiyo. Kenji Tanigaki, aliyepanga mapigano, aliikabidhi kazi ile miguu. Takeru Satoh, anayemwigiza Kenshin, anakimbia ameinama hadi karibu kugusa ardhi, anateleza kwenye kona, anajigeuza huku vumbi likiruka nyuma ya kisigino chake. Tunaona mwili ukihangaika na uzito wake wenyewe, na kwa kuuona uzito ndipo tunapoiamini kasi. Kovu la msalaba shavuni lipo pia, lakini hakuna anayeishangilia filamu ile kwa ajili ya kovu.

One Piece ya mwaka 2023 ndiyo kesi ngumu zaidi, kwa kuwa manga ya Eiichiro Oda, inayoendelea tangu 1997, imejaa watu wasiowezekana, akiwemo Luffy, nahodha mwenye mwili wa mpira. Mfululizo huu ulipigwa Cape Town, ambako merikebu zilijengwa kweli, waigizaji wakawa na kitu cha kukanyaga na kushika. Mkono wa Luffy unanyooshwa kwa kiasi, mara nyingi pale tu ngumi inapohitajika. Lenzi pana husogezwa karibu mno na nyuso, hata pua na kidevu vikavutika kidogo, na hivyo kamera ikachukua sehemu ya kazi ya kalamu ya Oda bila mtu kupakwa kitu usoni. Uamuzi ninaoustahi kuliko yote ni pua ya Usopp, mwenzake Luffy. Kwenye manga ni ndefu kupita kiasi, alama ya uongo wake. Kwenye mfululizo, Jacob Romero ameachwa na pua yake, na uongo ukahamia kwenye ulimi: anavyoongeza chumvi, anavyotazama pembeni kabla ya kumaliza sentensi. Arlong, ambaye ni samaki-mtu, amebaki na pua yake ya msumeno, kwa sababu pua ile ni mwili wake na silaha yake. Pua mbili ndefu, maamuzi mawili tofauti, na yote mawili ni sahihi.

Shabiki atasema: kama pua ya Usopp inaondolewa, nini kinazuia kuondoa kila kitu? Pingamizi hili lina haki. Dragonball Evolution ya mwaka 2009 iliondoa karibu kila kitu, na mwaka 2016 mwandishi wake, Ben Ramsey, aliwaomba radhi mashabiki hadharani. Lakini angalia tofauti. Kule, mhusika mkuu Goku alifanywa mwanafunzi wa sekondari ya Kimarekani anayeonewa shuleni, na ule uchangamfu wa mtoto wa porini asiyejua hila, ambao Akira Toriyama aliuchora kwa macho mawili tu na tabasamu, haukuhamishiwa popote. Kuondoa si kosa. Kosa ni kuondoa chombo na kuacha kazi yake ikining'inia hewani.

Wengine wanadai kuna kazi zisizohamishika kabisa, na mfano wao ni Death Note, ambayo uhondo wake umo katika mawazo: kurasa nzima za mtu anayewaza jinsi mwenzake anavyowaza. Toleo la Marekani la mwaka 2017 liliyapunguza mawazo hayo, likaweka mahali pake ajali za damu, na Light, mhusika mkuu, akabaki kijana mwenye daftari. Toleo la Kijapani la mwaka 2006 lilithubutu kutumia sauti ya ndani. Wapo wanaoiona sauti ya namna hiyo kuwa udhaifu wa filamu. Hadhira yetu haina sababu ya kukubali. Katika vibanda umiza watu wamefuatilia filamu za nje kwa sauti ya msimulizi Lufufu, akiwasemea wahusika, akieleza wanachokusudia, na hakuna aliyetoka akilalamika kwamba sinema imeharibiwa. Sauti ikiwa na nguvu ya kutosha, inabeba hata fikra.

Lipo pingamizi la upande wa pili: filamu ijisimamie, chanzo chake kiachwe kabatini. Ningekubali kama tungekuwa tunazungumzia riwaya. Amil Shivji alipoitoa filamu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021, kila msomaji wa riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi alikuwa na mhusika Yasmini wake kichwani, hakuna wawili waliofanana, na mwongozaji alikuwa huru kuchagua sura. Hata hapo alichagua kwa kazi: Mwajuma, mpenda taarabu, aliigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, na sauti yake inafika kwenye pazia ikiwa na uzito wa mtu aliyeishi na muziki huo. Msomaji wa manga hana uhuru huo. Luffy ni mmoja, amekwishachorwa, na filamu yoyote inaingia ukumbini ikiwa na deni kwake. Kulisahau deni hilo ni kumdhulumu mtazamaji. Kulilipa kwa wigi na koti ni kumlipa kwa fedha isiyopokelewa dukani.

Siku mtu atakapomtoa Ndumilakuwili, mhusika wa katuni zetu, kwenye kurasa za jarida la Sani na kumpa mwili, atakutana na hesabu hii hii kwa Kiswahili. Fundi cherehani atamshonea nguo kwa siku moja. Kazi itakuwa kumpata mwigizaji ambaye, akimsalimia mzee kwa adabu zote pale stendi ya Arusha, mwili wake uwe tayari umegeukia upande wa pili, kwa mtu atakayemsengenyea mzee huyo dakika moja baadaye.