Kutoka Jukwaa la Chuo hadi Kumbi za Mitaa: Kipimo cha Mafanikio ya Wahitimu wa Sanaa za Maonyesho katika Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Idara za fasihi na za sanaa za maonyesho katika vyuo vikuu vyetu zina desturi ya kuwahesabu wahitimu wao. Hutajwa yule ambaye tamthilia yake imeteuliwa kutahiniwa, yule aliyeonekana katika filamu, na yule aliyepata uprofesa ng'ambo. Orodha za namna hiyo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba zinapima umbali aliofika mhitimu kutoka alipoanzia, wala hazipimi alichokiacha mahali alipopitia. Makala haya yananuia kukipindua kipimo hicho na kuwatazama wahitimu kutoka upande wa hadhira, hususan hadhira ya mitaa ya mashariki ya Nairobi inayojulikana kwa jumla kama Eastlands. Hoja yetu ni kwamba mafunzo ya sanaa za maonyesho yamezaa matunda yake ya thamani zaidi pale ambapo hakuna jukwaa, na kwamba matunda hayo yanatishiwa na mambo mawili ambayo pia ndiyo yanayomlisha msanii: soko la vitabu teule na pesa za wafadhili.

Mitaa na Kumbi Zake

Eastlands ni zao la mipango ya kikoloni ya kuwatenga wafanyakazi Waafrika. Kuanzia Pumwani hadi Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na Jericho, nyumba zilijengwa kwa kuzingatia mahitaji ya mwajiri zaidi ya yale ya familia. Majina ya mitaa yenyewe yamebeba historia: Mbotela na Ofafa ni majina ya viongozi wa mjini, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa mwaka 1952 na 1953 mtawalia. Kisha, mwezi wa Aprili 1954, operesheni ya Anvil iliikumba mitaa hii na maelfu ya wakazi wakapelekwa kizuizini.

Hata hivyo, pamoja na nyumba hizo zilijengwa kumbi za jamii. Utawala ulikusudia kumpa mfanyakazi burudani ya kumtuliza, lakini wakazi walizigeuza kumbi hizo. Ukumbi wa Kaloleni, kwa mfano, ulikuwa uwanja wa siasa za ukombozi kabla ya uhuru. Mahali ambapo watu walizoea kujibizana na msemaji palikuwa tayari na hadhira ya drama hata kabla ya drama kufika. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa yako maandishi yanayomwonyesha mhitimu wa chuo kikuu kana kwamba ndiye aliyeileta sanaa mitaani. Ukweli ni kwamba aliikuta.

Wakati huohuo, Jumba la Maonyesho la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1952 mkabala na hoteli ya Norfolk na karibu na chuo kikuu, lilikuwa la watu wengine. Mwaka 1976, miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, tamthilia mbili za Kenya zilizotayarishwa kwa ajili ya tamasha la FESTAC la Lagos zilipata taabu kutengewa siku katika jumba hilo. Tamthilia hizo ni The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Mkazi wa Bahati aliyenusurika operesheni ya Anvil angeitambua historia yake katika ile tamthilia ya kwanza, ila ilimbidi avuke mji ili aione.

Msafara wa 1974

Katika mazingira hayo ndipo tunapaswa kuuona umuhimu wa kikundi cha maigizo ya msafara ya bure cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1974. Waraka wa 1968 wa Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulikuwa umekwisha kudai kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo. Mfano wa msafara wenyewe ulitoka Makerere, ambako wanafunzi walikuwa wakizunguka na maigizo tangu miaka ya sitini. John Ruganda, mwandishi wa The Burdens, aliyeihama Uganda ya Idi Amin, alikuwa mhimili wa kazi hiyo ya Nairobi.

Msafara ulimfundisha mwanafunzi mambo ambayo ukumbi wa mihadhara usingeweza kumfundisha. Kwanza, aliigiza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hivyo akalazimika kuamua anazungumza na nani. Pili, aliigiza bila taa wala pazia, mbele ya watu ambao hawakulipa na ambao wangeweza kuondoka wakati wowote. Mwigizaji wa jumba hulindwa na tikiti, maana aliyelipa huvumilia. Mwigizaji wa uwanjani hana kinga hiyo. Kila dakika lazima aistahiki hadhira yake. Ujuzi huu wa kuigiza bila jukwaa ndio urithi mkuu wa idara, na ndio uliowawezesha wahitimu wa baadaye kufanya kazi katika kumbi za Eastlands, madarasani na hata sokoni.

Dola iliitambua nguvu ya urithi huo mapema. Leseni ya Ngaahika Ndeenda iliondolewa mwezi wa Novemba 1977 na Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka. Mwaka 1982 kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilibomolewa. Mwaka huohuo alikamatwa Alamin Mazrui, mhadhiri wa Kenyatta na mwandishi wa Kilio cha Haki (1981), tamthilia inayomweka mwanamke, Lanina, mbele ya mapambano ya wafanyakazi. Kwa hiyo, tunapouliza kwa nini wahitimu wengi wa miaka ya themanini waliishia kuwa walimu na watayarishaji wa tamasha za drama za shule, tusidhani kuwa walikosa ari. Tamasha hizo, zilizoanza mwaka 1959, zilikuwa miongoni mwa nafasi chache zilizosalia.

Imbuga na Suala la Tumbo

Francis Imbuga (1947–2012) ni kielelezo kizuri kwa mjadala huu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya sabini, akafundisha Kenyatta kwa muda mrefu, na tamthilia zake Betrayal in the City na Aminata zikawa vitabu teule vya shule za upili. Kwa kipimo cha orodha, amefuzu. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba alikwisha kulitafakari suala la mhitimu na riziki yake ndani ya kazi yenyewe.

Katika nchi ya kubuni ya Kafira, mwanafunzi Jusper ameandika mchezo. Tumbo, ofisa wa serikali, ana fedha za kugharimia shindano la uandishi kwa ajili ya ziara ya kiongozi mgeni. Shindano halifanyiki: Jusper anapewa ushindi pamoja na sehemu ya fedha, na zinazobaki zinajulikana ziendako. Wahakiki wengi wamelitazama tukio hili kama kejeli dhidi ya ufisadi, na ndivyo lilivyo. Lakini limebeba pia onyo kwa msanii. Jusper hakuhongwa ili anyamaze. Alilipwa ili aigize. Swali la Imbuga ni iwapo mchezo uliogharimiwa na Tumbo unaweza kusema jambo ambalo Tumbo hakulitarajia. Jibu lake ni kwamba unaweza: mazoezi ya wafungwa mbele ya Boss yanageuka kuwa uasi wa kweli na Mulili anapigwa risasi. Hata hivyo, jibu hilo linawezekana kwa sababu waigizaji wanaamua, wakiwa ndani ya mchezo, kuacha kuigiza walichoagizwa. Mhitimu anayefanya kazi Eastlands leo anakabiliwa na uamuzi huohuo.

Soko la Kitabu Teule

Riziki ya kwanza ya vikundi vingi vya Nairobi imekuwa uigizaji wa vitabu teule. Utaratibu wake unajulikana: waigizaji wachache hugawana wahusika wote, huzunguka shuleni, na wanafunzi huchangia ada ndogo. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, na Kigogo ya Pauline Kea zimewafikia kwa njia hii vijana ambao hawajawahi kuingia katika Jumba la Taifa. Hayo ni mafanikio, na ni ya Kiswahili.

Aidha, tamthilia hizi zinapata uhai mpya zinapofika Eastlands. Katika Kifo Kisimani watawala wa Butangi wanavidhibiti visima, na Mwelusi, anayetetea haki ya umma, anauawa na ndugu yake mwenyewe aliyerubuniwa nao. Kwa msomaji wa mbali, kisima ni ishara ya rasilimali za taifa. Kwa mwanafunzi wa Kayole au Dandora, anayeijua foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji, kisima ni kisima kwanza; ishara hufuata baadaye. Mpangilio huu wa maana ni tofauti na ule unaofundishwa darasani, na ni mwigizaji, si mwongozo wa mtihani, anayeweza kuutumia.

Kwa bahati mbaya, soko linamwelekeza kwingine. Shule inalipia maonyesho ili wanafunzi wafaulu. Kwa hiyo mwigizaji hukariri matini neno kwa neno na hukwepa lugha ya mtaani. Eastlands, inayotajwa mara kwa mara kuwa kitovu cha Sheng, inaigiziwa kwa sauti ambayo si yake na mtu ambaye pengine alizaliwa Jericho.

Maigizo Shirikishi na Mfadhili

Riziki ya pili imetokana na maigizo shirikishi, yaliyoenea kuanzia miaka ya tisini kwa misingi ya nadharia za Paulo Freire na Augusto Boal. Opiyo Mumma wa Idara ya Fasihi ya Nairobi, pamoja na Loukie Levert, walihariri mwaka 1995 mkusanyiko wa Drama and Theatre: Communication in Development, ambao unaonyesha jinsi chuo kilivyoshiriki katika mwelekeo huo. Afya, uchaguzi na amani vikawa mada za kila siku.

Hapa mlinganisho na Dar es Salaam unafaa. Idara ya Sanaa za Maonyesho ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1967, iliwatoa Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba. Katika mradi wa Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wataalamu hawakufika na ujumbe mkononi. Wanakijiji walilitambua tatizo lao, likiwamo la mimba za wasichana, wakalichambua kwa ngoma zao na kuendelea kulijadili. Mlama ameieleza njia hiyo katika kitabu chake cha 1991. Mafanikio ya mhitimu yalionekana katika uwezo wa wenyeji kuendelea bila yeye.

Nairobi ilirithi mbinu hii, lakini mara nyingi bila muda wake. Mradi huwa na ujumbe uliokwisha kuamuliwa, tarehe ya kumalizika na ripoti ya idadi ya waliohudhuria. Mwezeshaji huiuliza hadhira swali ambalo jibu lake limo tayari katika mkataba. Huyu ni Tumbo mwingine, mwenye nia njema zaidi.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Itasemwa kwamba msanii hana wajibu wa kurudi mtaani, na kwamba mwigizaji aliyefika katika filamu amewafungulia wengine mlango. Tunakubali, hatumdai mtu yeyote arudi. Tunachodai ni kwamba idara isiyo na njia ya kuihesabu kazi ya yule aliyebaki inawafundisha wanafunzi wake kuwa kubaki ni kushindwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mhitimu wa sanaa za maonyesho Eastlands anasimama kati ya soko linalomlipa kwa kukariri na mradi unaomlipa kwa kuafiki. Zote mbili zinampa riziki huku zikimpokonya swali lake. Uhakiki nao una lawama, kwa kuwa umejifunga katika matini zilizochapishwa ilhali kazi bora za kumbi hizi hazina matini. Tasnifu za uzamili zingeweza kuanza kuzirekodi: nani aliigiza Kaloleni au Jericho, kwa lugha gani, hadhira ilikatiza wapi na kusema nini, na ni kikundi gani kiliendelea baada ya mwezeshaji kuondoka. Bila kumbukumbu hizo, historia ya tamthilia yetu itaendelea kuandikwa kwa majina ya waliopita mitaani, na waliobaki huko watahesabiwa miongoni mwa hadhira.