Mamba Muntu ku saloni: bei ambayo picha haionyeshi



Mwezi uliopita mama mudogo alihama Kamalondo kwenda kukaa na binti yake. Aliniita, akanipa kitu alichofunga ndani ya kitenge. Akasema: «Beba hii, mwana. Kuitupa siwezi, kuiangalia tena siwezi.» Ilikuwa ni Mamba Muntu ya marehemu baba mudogo.

Kila mtu aliyekomea Lubumbashi anamujua huyo: juu mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, chini samaki. Hii yetu ilichorwa juu ya mufuko wa unga. Bluu ya maji imepasuka kidogo. Nyoka iko shingoni, saa iko mkononi. Mchoraji hakumufanya aangalie ziwa. Anatuangalia sisi tuliokaa ku viti.

Miaka ya 1970 picha za namna hii zilijaa nyumba za wafanyakazi wa mji wetu. Watu wa nje wanamujua zaidi Tshibumba Kanda-Matulu, ju ya picha za historia ya nchi alizochorea mtafiti Johannes Fabian. Lakini ku saloni zetu Mamba Muntu alikuwa na nafasi yake, mara nyingi ukuta moja na ile tunaita «Colonie belge», yenye fimbo, wafungwa na askari.

Tuzilinganishe hizo mbili. «Colonie belge» inaonyesha kila kitu: nani anapiga, nani anapigwa, nani anaangalia. Inaeleza mateso yanatoka wapi, na haifichi mtu. Mamba Muntu inaeleza franga inatoka wapi, lakini inaficha nusu ya habari. Wazee walitusimulia: ukiokota nywele zake ama kitana chake, atakuja mu ndoto kukiomba. Ukikubali masharti, unatajirika. Kisha unalipa, na malipo ni mtu wa jamaa. Sasa angalia picha vizuri: huyo mtu wa kulipwa iko wapi? Hayuko. Mchoraji ameacha nafasi yake wazi, na kila mtazamaji anaijaza na jina analolijua.

Kwa usanii, hiyo ndiyo nguvu yake. Ku mji ambamo mtu anaweza kuchimba shaba maisha yote na kufa bila kitu, halafu jirani anapata lori mu miaka miwili, swali «alipata wapi?» ni swali la haki kabisa. Picha inaliuliza kwa uzuri. Makosa yake ni jibu.

Ninasema hivyo ju ya nyumba yetu. Baba mudogo aliuza makala kwa kinga, kisha akanunua lori ya zamani. Mwaka uliofuata mtoto wake Furaha, miaka saba, alikufa na malaria. Kilio hakijaisha, ku barabara banasema: «Alimutoa. Si banaona ile picha ku saloni?» Wateja walipunguka. Ndugu waliacha kumutembelea.

Na miye? Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo. Nilikuwa nimesoma malaria ni nini. Lakini siku aliponialika kula, nilisema nimeshiba. Aliniangalia, akafunika bukari, hakusema neno. Alikufa bila kunialika tena.

Kwa hiyo sikubali wale wanaosema imani za bahati na mikosi ni mambo ya watu wasiosoma. Diplome haikunizuia. Hata leo mwenzetu wa promosheni akipata kazi nzuri, tunacheka: «Huyu iko na kitu.» Ni masihara, ndiyo. Ila siku atakapofiwa, yale masihara yatakuwa hukumu, na hakuna atakayekumbuka nani aliyeanza.

Picha nimeitundika kwangu. Sikuichoma: inasema ukweli kuhusu mji wetu na hasira yake mbele ya utajiri usioelezwa. Lakini mgeni akiuliza kama inaleta bahati, ninamusimulia Furaha, na lile sahani la bukari nililokataa.

Na kwenu, ilikuwa ukutani? Baba na mama walisema nini juu yake? Andikeni, tusome.