Swali Lililoandikwa kwenye Muhtasari

Kuna kazi ambayo ukimkuta mtu akiifanya utadhani hafanyi kitu. Amekaa. Mbele yake kuna kabrasha la kurasa mia mbili na ushei, glasi ya maji na kipaza sauti. Wenzake wanazungumzia faida ya robo mwaka. Yeye amenyamaza muda mrefu, kisha anauliza swali moja la maneno machache. Mtendaji mkuu anageuka kumtafuta mhasibu wake, na katibu wa kikao anainama kuandika. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na huchukua miaka mingi kujifunza.

Namzungumzia mtaalamu wa maendeleo endelevu anapokuwa mjumbe wa bodi ya kampuni. Watu wengi humsifu akiwa porini amevaa buti, akipima miti au kuhesabu matumbawe. Akihamia kwenye kiti cha bodi, wengi huona amestaafu na sasa anakula posho. Naamini kinyume chake. Pale ndipo ufundi wake unapokuwa mgumu kuliko wakati wowote, kwa sababu hana tena kifaa cha kupimia. Amebakiwa na macho ya kusoma na haki ya kuuliza.

Ufundi huu unaonekana vizuri zaidi ukisimama mahali ambapo maamuzi yake yanafikia. Kanga ni kijiji cha kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, upande wa kuelekea Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Watu wake wameishi kwa minazi, mpunga, muhogo na bahari. Hakuna kampuni iliyoweka makao makuu Kanga. Lakini ng'ambo ya mlango wa bahari, magharibi ya kisiwa, kuna delta ya Rufiji yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Afrika Mashariki. Kamba hukulia kwenye mikoko ile, tope la mto humwagika katika bahari ile, na samaki hawaulizi mpaka wa wilaya uko wapi. Bodi ikikaa Dar es Salaam, Nairobi au London na kuamua jambo kuhusu Rufiji, mvuvi wa Mafia yumo ndani ya uamuzi huo, ajue asijue.

Katika miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilileta pendekezo la kufuga kamba katika delta hiyo, kwenye eneo la takriban hekta 19,000. Kwa ukubwa huo lilikuwa miongoni mwa mapendekezo makubwa kabisa ya aina yake duniani. Wataalamu waliolipitia kwa niaba ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, walishauri likataliwe. Mwaka 1997 serikali ikalikubali hata hivyo. Wanavijiji wa Rufiji, wakisaidiwa na mawakili wa mazingira wa LEAT, walikwenda mahakamani. Mwishowe mabwawa hayakujengwa.

Kisa hiki husimuliwa kama mapambano kati ya wanavijiji na mwekezaji, na ni haki yao kusimuliwa hivyo. Mimi huvutwa na hatua ya nyuma zaidi: meza ambayo wazo lile lilipita kwanza, kabla ya kufika serikalini. Udongo wa mikoko una madini ya salfa. Ukiuchimba na kuuanika hewani hugeuka tindikali, na maji ya bwawa huharibika. Nchi kadhaa za Asia na Amerika ya Kusini zilikwisha kuona mabwawa ya kamba yakiachwa baada ya miaka michache kwa ajili ya hilo na kwa ajili ya magonjwa. Kwa hiyo mjumbe anayejua udongo asingehitaji kusimama na kuhutubia kuhusu uzuri wa mikoko. Angeuliza: mabwawa haya yamekadiriwa kudumu miaka mingapi, na mkopo wetu unalipwa kwa miaka mingapi? Akinyamaza hapo, hata mtu asiyejali mkoko hata mmoja ameanza kutokwa jasho.

Hapo ndipo ninapoanza kuheshimu ufundi huu. Swali lile halikuomba huruma. Limechukua maarifa ya udongo na kuyatafsiri katika lugha ambayo kila aliyekaa mezani anaijua, lugha ya deni na tarehe. Linadai namba mbili, na namba hizo zikiwekwa kando kwa kando zinajisemea zenyewe. Mtaalamu asiye fundi angeuliza kama mradi ni rafiki wa mazingira. Angejibiwa ndiyo, wajumbe wangetikisa vichwa, na kikao kingeendelea.

Swali peke yake halitoshi. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati, iwe ya shule, ya msikiti au ya ushirika, anajua mpangilio wa kikao: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari uliopita, kisha yatokanayo. Fundi wa kweli anaishi kwenye yatokanayo. Swali lake la Machi limeandikwa kwenye muhtasari pamoja na jina la aliyetakiwa kulijibu. Mwezi Juni linasomwa tena. Kama jibu halijaja, linaandikwa kuwa halijaja. Septemba vivyo hivyo. Hapandishi sauti, wala hamtishi mtu. Anachohakikisha ni kwamba jambo halifutiki. Nimeona watu wenye hasira za haki wakishindwa na bodi kwa sababu walimaliza nguvu zao zote kwenye kikao kimoja.

Ni kazi ya kalafati. Mafundi wa mashua wa Jibondo na Chole, visiwa vidogo vya Mafia, hutia pamba katikati ya mbao, uzi kwa uzi, mahali ambapo abiria hatapatazama kamwe, na mashua ikielea hakuna anayemtaja aliyeziba.

Mtu hufikaje pale? Mfikirie Frannie Léautier, Mtanzania aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kisha MIT huko Marekani, na kubobea kwenye miundombinu. Alipanda katika Benki ya Dunia hadi kuwa makamu wa rais na kuongoza taasisi yake ya mafunzo. Aliongoza pia wakfu wa kujenga uwezo wa Afrika ulioko Harare, na akashika wadhifa wa juu katika Benki ya Maendeleo ya Afrika. Aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya Orca Energy, kampuni mama ya PanAfrican Energy inayoendesha gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa kilicho kusini mwa Mafia katika bahari hiyo hiyo. Sijui maneno aliyosema ndani ya vikao hivyo, na si kazi yangu kuyabuni. Ninachokistahi ni mpangilio wa safari yake. Mhandisi wa miundombinu hufundishwa kumfikiria mtu atakayelipita daraja miaka hamsini baadaye. Hilo ndilo somo ambalo taarifa za robo mwaka haziwezi kumfundisha mtu.

Afrika ilitangulia mbali katika jambo hili la kuzitaka bodi zitazame zaidi ya faida, nasi tumelisahau mapema mno. Jaji Mervyn King wa Afrika Kusini aliongoza kamati iliyotoa ripoti yake ya kwanza ya utawala wa makampuni mwaka 1994, na tangu mapema aliwahimiza wakurugenzi kuwatazama watu na mazingira pamoja na wanahisa. Ripoti zilizofuata, zikiwemo za 2002, 2009 na 2016, ziliendelea kukaza uzi huo, hadi taarifa ya fedha na taarifa ya mazingira zikaanza kusomwa pamoja. Leo kuna viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu na tabianchi vilivyotolewa Juni 2023, na wahasibu wetu wanavisoma. Ni hatua njema. Ila fomu huwa na visanduku vya kujaza, na fundi ndiye anayeuliza kilichoachwa nje ya kisanduku.

Chukua hatifungani ya kijani ya benki ya CRDB ya mwaka 2023. Benki ililenga kukusanya shilingi bilioni 40, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga ikatoa hatifungani yake ya kijani ya shilingi bilioni 53 na kidogo, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Habari kama hizi zinafurahisha, na mimi nilifurahi. Mjumbe ninayemsifu hufurahi pia, halafu siku ya pili anauliza: fedha hizi zimeingia kwenye akaunti ipi, nani wa nje atathibitisha kuwa mradi uliotajwa ndio uliojengwa, na ikionekana haukujengwa, tutamwambia nani na lini? Anauliza wakati watu bado wanapongezana. Kuna ujasiri wa aina yake katika kuwa mtu huyo kwenye chumba chenye furaha, na kuwa mtu huyo kwa upole kiasi kwamba kikao kijacho bado watampa nafasi ya kusema.

Sasa nirudi Kanga, maana kuna jambo ambalo Kanga inalijua. Mwanaanthropolojia Pat Caplan wa Goldsmiths, London, alianza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurudi mara nyingi kwa miongo kadhaa. Aliandika kwa kirefu jinsi ardhi ya kulima ilivyokuwa chini ya koo, ilhali minazi ilikuwa mali ya mtu. Na ukoo ulihesabiwa kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuwa na haki katika koo mbili, tatu au zaidi, na kila msimu akaamua akalime kwa nani.

Fikiria maana yake penye mgogoro. Karibu kila aliyekaa kuamua alikuwa na undugu na pande zote mbili. Ilimbidi mtu ajifunze kusema waziwazi: hapa mimi ni wa kwao, hapa ninyamaze, hapa naweza kusema. Wajumbe wa bodi leo hujaza fomu ya mgongano wa maslahi mwanzoni mwa kikao, wengine wakiijaza kama stakabadhi. Mtaalamu wa mazingira ana mtego wake mahususi. Huenda aliwahi kulipwa na kampuni kufanya tathmini ya mradi ule ule, au shirika lake la uhifadhi linapokea ufadhili wa kampuni hiyo. Aliye fundi hutangulia kusema, hutoka chumbani, na kutoka kwake kukaandikwa. Neno lake linapata uzito kwa sababu wenzake wamewahi kumwona akilizuia.

Bodi za hifadhi nazo zina somo lake. Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 iliunda bodi ya wadhamini wa hifadhi za bahari, na mwaka 1995 Mafia ikawa na hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822, makao yake Utende. Kulikuwa na uvuvi wa baruti wa kukomesha na nyavu za kukokota za kuondoa. Mdhamini anayejua matumbawe tu angeridhika na marufuku. Mdhamini anayewajua na wavuvi huuliza mwenye juya atakula nini wiki ijayo, na ni vyema kwamba Mafia ilipata mpango wa kubadilishana nyavu haramu kwa halali. Marufuku isiyo na swali hilo huwageuza wavuvi kuwa wakimbizi wa doria.

Na maswali hayajaisha katika bahari hii. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na kila ukuta wa bwawa hushika tope ambalo zamani lilishuka deltani. Leseni ya uzalishaji wa gesi ya Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25, yaani hadi 2026. Kwa hiyo katika makabrasha ya miaka hii, mahali fulani penye maelezo ya mwisho yaliyochapwa kwa herufi ndogo, kuna mstari unaohusu kiasi cha maji kitakachoachiwa mtoni wakati wa kiangazi, na mwingine unaohusu kiasi kilichotengwa kwa ajili ya kuziba visima na kuondoa mabomba siku gesi itakapokoma. Mjumbe ninayemzungumzia amekwisha kuufungua ukurasa huo, amepiga mstari kwa penseli chini ya namba, na pembeni ameandika: nani aliikadiria, na lini?