Matone Kumi ya Karafuu

Mafuta mengi ya kunukia huelea juu ya maji. Ya karafuu huzama. Huko Wawi, Pemba, kwenye kiwanda ambacho wenyeji hukiita cha makonyo, vikonyo na majani ya mkarafuu hupikwa kwa mvuke. Mvuke ukipoa hurudi kuwa maji, na mafuta yakatuama chini yake. Chupa ndogo ya mafuta hayo ikimfikia mtu anayejipikia krimu nyumbani, kazi yake ya kwanza ni kujizuia.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ileile inayotia ganzi jino linalouma, na ngozi haiitaki ikizidi. Waangalifu hawavuki nusu gramu katika gramu 100 za krimu, yaani matone kama kumi. Anayejifunza huyaona machache, ananusa, anaongeza, kesho yake mkono unamwasha. Limau nalo lina lake: mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda, mtu akiyapaka kisha akatoka juani, huweza kumwachia malengelenge na mabaka.

Kunukiza mwili si jambo geni pwani. Singo la bibi harusi wa Unguja lina liwa, karafuu, asumini, mlangilangi na mrihani, na somo, yaani kungwi wake, humsinga mwali mpaka ngozi ing'ae. Lakini singo ni la shughuli. Krimu inatakiwa ikae koponi wiki kadhaa, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Mafuta na nta maalumu ya kuunganishia huwekwa katika sufuria moja, maji katika nyingine, zote mbili zikipashwa ndani ya maji ya moto hadi nyuzi 70 hivi. Kisha kimoja humiminwa juu ya kingine, polepole, mkono mwingine ukikoroga. Mara mchanganyiko unapauka na kuwa mweupe kama tui, na unapopoa unakuwa mzito, unaanza kushika kwenye uma. Hapo mkono hauachi kukoroga mpaka mchanganyiko uwe vuguvugu, na ndipo matone ya harufu huingia. Yakiwahi, joto huyapeperusha.

Penye maji pana ukungu. Anayetia maji ya waridi bila kihifadhi, kisha akajisifu kwamba krimu yake "haina kemikali", anafuga bakteria, na friji huwachelewesha tu. Heri aache maji kabisa: nta ya nyuki wa Tabora sehemu moja, mafuta ya nazi sehemu nne, basi. Hata hivyo mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 25 hivi, kwa hiyo kopo lililo laini Dar es Salaam huwa gumu Njombe mwezi wa Julai. Fundi wa nyanda za juu hupunguza nta.

Mtumiaji wa mkorogo wa sokoni, ule wa kung'arisha ngozi, hana namna ya kujua kama umetiwa zebaki. Anayejipikia anajua kila kilichoingia. Akitaka kuuza, itambidi apite Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia vipodozi Tanzania Bara. Wengi hawafiki huko: kopo moja la dada, moja la shangazi, na la jirani mwenye mtoto mchanga halitiwi harufu hata tone.