Kishawishi ni maneno: Rohmer na usiku wa mazungumzo

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliitazama filamu ya Kifaransa Ma nuit chez Maud, yaani ‘Usiku wangu kwa Maud’, kwa muda wa dakika arubaini hivi, kisha akanijia akilalama. “Profesa, hawa watu wanaongea tu! Vitendo vitaanza lini?” Nilicheka, nikamwambia arudi akaitazame upya, kwa sababu vitendo vilikuwa vimekwisha kuanza naye hakuviona.

Filamu hiyo ya mwaka wa 1969 iliongozwa na Éric Rohmer. Ni mojawapo ya kazi zake sita alizoziita hadithi za maadili. Rohmer aliwahi kuwa mwalimu wa fasihi na mwandishi wa riwaya kabla ya kujulikana kwa filamu, na hadithi hizo sita alizibuni kwanza kwa kalamu. Ndiyo maana wahusika wake huishi ndani ya sentensi.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mhandisi wa kampuni ya Michelin mjini Clermont-Ferrand, Mkatoliki wa kwenda Misa (Jean-Louis Trintignant), anamwona msichana kanisani na kuamua moyoni kwamba huyo ndiye atakayekuwa mkewe. Hata jina hawajaambiana! Siku za Krismasi anakutana na rafiki yake wa zamani, Vidal, mwalimu wa falsafa na Mmarx, ambaye anampeleka kwa Maud, daktari aliyetalikiana na mumewe. Wanakula, wanakunywa, wanajadili dini na ndoa. Vidal anaondoka. Theluji imeanguka, barabara zinateleza, na Maud anamsihi mgeni alale. Chumba cha wageni alichodhani kipo, kumbe hakipo. Kitanda ni kimoja, nacho kiko pale pale sebuleni.

Hebu tutulie hapo, maana Kiswahili kina la kutufunza. Neno kishawishi limezaliwa na kitenzi shawishi: kumvuta mtu kwa maneno mpaka akubali. Kutongoza nako ni kazi ya ulimi. Kwa mujibu wa lugha yetu, basi, majaribu huingilia sikioni kabla ya kufika mwilini. Maud analijua hilo. Hamgusi mgeni wake, anamuuliza maswali. Kila jibu analotoa mhandisi kuhusu imani yake, na kuhusu wanawake aliowahi kuwapenda, linamfunua zaidi. Anajibu kwa ufasaha, lakini ufasaha huo ni blanketi anayojifunika, sawa na ile anayojizungushia mwilini akilala juu ya kitanda cha mwenyeji wake. Kunapokucha wanakumbatiana, naye anasitasita, anajinasua. Maud hana subira na mtu asiyejua anachotaka. Mhandisi anapogeuka kumtaka, dakika yake imepita.

Je, alishinda kishawishi au aliogopa tu? Filamu haitupi hukumu. Inatupa mwanahisabati na mwanafalsafa Blaise Pascal, aliyezaliwa katika mji huo huo mwaka wa 1623, na hoja yake maarufu kwamba kumwamini Mungu ni kama kuweka dau: ukishinda, faida haina kikomo. Vidal, asiyemwamini Mungu, ameiazima hoja hiyo. Anaweka dau kwamba historia ina maana, hata kama uwezekano ni mdogo, kwa kuwa bila hivyo maisha yake hayatakuwa na shabaha. Mhandisi anambeza Pascal kwa ukali wake, ilhali mwenyewe ameweka dau kubwa kuliko wote: msichana asiyemjua, dhidi ya mwanamke aliye mbele yake.

Kiswahili kingeyasema haya yote kwa neno moja: tamaa. Mtu akiwa na tamaa, tunamkemea. Akikata tamaa, tunamhurumia. Neno ni lile lile! Uchu na matumaini vinalala kitanda kimoja katika lugha yetu, na sijaona filamu inayoonyesha ujirani huo vizuri kuliko hii.

Lakini nina lalama yangu. Maud ndiye mwenye akili pevu na kauli za kweli kabisa, ila kila jambo tunaliona kutoka upande wa mwanamume. Sauti ya nafsi tunayoisikia mara chache ni yake. Françoise, yule msichana wa kanisani, ndiye mwenye siri inayobeba kisa kizima, naye ndiye anayesema machache. Amewahi kukiri kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamume mwenye mke. Hakusema ni mume wa nani.

Miaka mitano baadaye, mhandisi, Françoise na mtoto wao wako ufukweni. Maud anapita. Ameolewa tena, na ndoa hiyo nayo haiendi vizuri. Wanasalimiana, anaenda zake. Mhandisi anapotaka kumweleza mkewe ukweli, kwamba usiku ule hapakuwa na lolote, anamwona anavyohangaika, na papo hapo anang’amua: mume wa Maud ndiye aliyekuwa mpenzi wa Françoise. Basi anageuza kauli. Anakiri kosa ambalo hakulitenda, ili asiwe safi mbele ya mwenzake mwenye aibu. Kisha wanakimbilia majini na mtoto wao.

Uongo huo tuuiteje? Watu wa pwani wana neno: stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika pale anapoweza kuaibika. Najua kuna atakayesema kwamba Françoise amezibwa mdomo, kwamba wawili hao wataishi na siri waliyozungukia bila kuigusa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mtu huyu ametumia filamu nzima kusema maneno ya kujikinga mwenyewe. Ufukweni, kwa mara ya kwanza, anasema neno la kumkinga mwingine, na linamgharimu ile sifa ya usafi aliyoilinda usiku kucha. Mimi nauita huo upendo.

Mwanafunzi wangu alirudi wiki iliyofuata. Hakuniuliza tena kuhusu vitendo. Aliniuliza, “Profesa, wewe ungesema ukweli?” Nikamwambia aniache nifikirie. Bado nafikiria.